Dunia Kubwa Bila Stori Ni Kuzurura Tu

Kuna wababe wa gemu hapa Rujewa wanatamba eti Skyrim ya 2011 ndiyo kiboko, kisa ramani kubwa na unaenda unakotaka. Haya, nenda! Joka Alduin anataka kuangamiza dunia, lakini ukiamua kuchuma maua mwezi mzima, anakusubiri tu. Hatari gani hiyo? Njoo Final Fantasy X ya 2001: njia nyembamba, ila Yuna anatembea akijua mwisho wa safari ni kifo chake. Hapo kila hatua ina uzito. Kwenye kibanda cha kulipia kwa saa, mzururaji anamaliza hela ya kibarua cha mpunga, anarudi nyumbani hana hata stori ya kusimulia. Anayebisha aseme!