Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH: Tupeni mtafiti wa mbao zetu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Mimi ni mhandisi wa majengo, na nina ombi moja: Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ifadhili masomo ya uzamivu, kwa ukamilifu, kuhusu mbao tunazoezekea.

Mwaka juzi niliitwa kutazama paa la darasa ambalo halikuwa limemaliza miaka minne. Bati lilikuwa limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Fundi hakuwa na kosa. Alifuata mchoro: kenchi za mbili kwa sita na mbili kwa nne, misumari ya kutosha, mbao za dawa. Mchoro ule hata mimi ningeusaini. Niliomba kipande kilichosalia, nikakisugua kichwani kwa msasa na kuhesabu pete za umri. Tisa. Kiini cha mti kilipita katikati ya ubao, na ubao wenyewe ulikuwa umejisokota.

Ubao ule ulikuwa wa msindano (paini), na msindano hukua mbio miaka yake ya mwanzo. Nyuzi za mbao ya miaka hiyo zina kuta nyembamba, tena vijiuzi vilivyomo ndani ya kuta hizo vimelala mshazari, hivyo mbao yake ikikauka husinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa hulifanya kwa nadra sana. Upande mmoja ukisinyaa kuliko mwingine, ubao unapinda na kenchi inavutwa nao.

Wapo wanaosema dawa ni kumkataza mkulima kukata mapema. Mimi sikubaliani nao. Mti ule ungefaa kusubiri miaka 18 au zaidi, lakini ada ya mtoto haisubiri. Mnunuzi anakuja na dingidongi, ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishika, anapasua mulemule shambani, na jioni lori limeshashika njia ya Dar es Salaam. Mbao hizo zipo na zitaendelea kuwepo. Swali ni letu wahandisi: ubao wa miaka tisa kutoka Njombe ubebe mzigo kiasi gani? Kenchi zikae kwa umbali gani? Ukaushweje mahali ambapo Juni na Julai ukungu hauondoki hadi saa nne asubuhi? Jedwali nililofundishwa nalo chuoni lilikuwa la Uingereza. Halikuujua msindano wa hapa.

Sisemi hakuna wasomi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro kina wataalamu wa misitu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu 1973. Lakini mtu wa misitu kazi yake huishia kwenye gogo, na sisi wahandisi tumelelewa kwenye zege na nondo. Katikati yao ndipo paa lilipobonyea. Wenzetu wa Norway waliziba pengo hilo, na mwaka 2019 wakakamilisha Mjøstårnet, jengo la mbao la ghorofa 18.

Ufadhili wa nje upo, nami nawashukuru wanaoutoa. Ila mara nyingi swali huja limeshaandikwa, na kijana wetu hutumia miaka minne kujibu tatizo la mji wa watu. Anayebaki nyumbani huhangaika na ada. Rafiki yangu mmoja alianza uzamivu kwa mshahara wake. Mwaka wa pili alikuwa anafundisha mchana, anasahihisha mitihani usiku, na sampuli zake zikaliwa na mchwa stoo. Aliacha. Niliumia, kwa sababu alikuwa na akili kunishinda.

Sheria Namba 7 ya mwaka 1986 iliyounda Tume yako iliipa kazi ya kusimamia utafiti, na MTUSATE, mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, upo tangu 1995. Tengeni nafasi tatu tu kwa kuanzia. Ada ilipwe yote, posho ya kujikimu itoke kila mwezi bila kukatika, na mashine ya kuvunjia mbao ili kupima nguvu zake iletwe Makambako badala ya mbao kusafirishwa kuifuata. Msimamizi mmoja atoke kwenye misitu, mwingine kwenye uhandisi. Na kabla ya kuandika pendekezo lake, mwanafunzi akae mwezi mzima na wapasuaji na mafundi wa paa wa Njombe.

Kile kipande cha ubao ninacho bado, nyuma ya mlango wa ofisi. Mtakayemtuma nitamkabidhi siku atakayofika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhandisi, Makambako