Dhahabu, Gongo na Bangi: Mipaka ya Mkono wa Serikali

Swali la kama Serikali ina haki ya kumfunga mtu mzima kwa sababu ya kile anachovuta, anachotafuna au anachokunywa huulizwa mara chache nchini Tanzania, ingawa sheria inayolijibu ni miongoni mwa sheria kali kuliko zote. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, pamoja na marekebisho yake ya 2017, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa usafirishaji wa bangi au mirungi hata pale mzigo usipofikia kiwango cha kifungo cha maisha, na usafirishaji kisheria hujumuisha pia kuuza na kuhifadhi. Katika mji kama Kagongwa, wilayani Kahama, ambako wafanyabiashara wa mchele na watu wa machimbo hukutana, kibarua aliyebeba furushi la mwingine kwa ujira mdogo anaweza kuzeekea gerezani.

Wanaolipinga katazo hilo kwa msingi ni wafuasi wa ulibertari, yaani falsafa inayoshikilia kwamba mwili na mali ya mtu mzima ni milki yake mwenyewe, na kwamba dola haina ruhusa ya kumwingilia mpaka atakapomdhuru mwingine. Mizizi yake imo katika hoja aliyoijenga John Stuart Mill mwaka 1859, na mwanauchumi Milton Friedman aliitetea tena mwaka 1972 kwa kutazama matokeo: katazo haliui mahitaji, bali hupandisha bei na kuiacha biashara mikononi mwa walio tayari kutumia silaha na rushwa, kama ilivyotokea Marekani pombe ilipopigwa marufuku kuanzia 1920 hadi 1933.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe, nao unaonyesha kwamba mpaka kati ya kilevi halali na kilevi haramu umewekwa na cheo na leseni mara nyingi kuliko ulivyowekwa na madhara. Chini ya utawala wa Waingereza, Mwafrika wa Tanganyika alikatazwa pombe kali ambayo Mzungu aliinywa bila hofu ya polisi. Ubaguzi huo wa rangi ulikuja kuondolewa, lakini Sheria ya Moshi (jina jingine la gongo) ya 1966 iliendelea kumhesabu mpikaji wa gongo asiye na leseni kuwa mhalifu, huku konyagi ikiuzwa kwenye kila baa na kulipiwa ushuru. Ni kweli kwamba gongo iliyopikwa vibaya hupofusha na kuua. Hata hivyo hatari hiyo inadai ukaguzi, na mpikaji anayejificha porini hakaguliwi na yeyote. Machi 1, 2017, pombe za viroba zilipigwa marufuku kwa sababu nzito, ikiwamo ulevi wa vijana, lakini kinywaji kilekile kiliendelea kuuzwa katika chupa, ili mradi mnunuzi awe na fedha za kutosha. Mirungi nayo, ambayo nchini Kenya ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria, hugeuka kosa la miaka 30 ikivuka mpaka wa Namanga.

Hatari kubwa zaidi, kwa mtazamo wa ulibertari, imo katika mamlaka yanayozaliwa na katazo lenyewe. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza hadharani orodha ya watu 65 waliotakiwa kuripoti polisi kuhusu dawa za kulevya, miongoni mwao Freeman Mbowe, aliyekuwa kiongozi wa upinzani bungeni, na Askofu Josephat Gwajima. Wawili hao hawakushtakiwa kwa kosa lolote la dawa hizo, na mwaka 2020 Gwajima aliingia bungeni kuwakilisha Kawe kwa tiketi ya chama tawala. Tuhuma iliyoweza kumchafua mtu mbele ya taifa zima, kisha isizuie chochote alipokubalika kisiasa, haikuwa imechunguzwa kabla ya kutamkwa. Na huo ni unafiki usiofaa kusamehewa kwa kisingizio cha nia njema.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Serikali hiyohiyo iliuelewa udhaifu wa mabavu ilipofikia suala la dhahabu. Kabla ya 2019 wachimbaji wadogo walikatwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na dhahabu nyingi ikatoroshwa. Rais John Magufuli alikutana nao Januari 2019, kodi hizo zikaondolewa, na Machi mwaka huohuo soko la madini likafunguliwa Geita, kisha mengine yakafuata, Kahama ikiwamo. Muuzaji aliyekuwa akijificha akapewa mzani, bei inayojulikana na risiti.

Bangi si dhahabu, na heroini ni mbali zaidi, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuwa mtumwa wa heroini hachagui kama Mill alivyodhani, na mlevi anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, huhatarisha wenzake walio chini. Tena Kahama yenyewe inafundisha kwamba mabavu hayatoki serikalini peke yake: Sungusungu, yaani walinzi wa jadi walioibuka wilayani humo mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliurudisha usalama wa mifugo pale polisi waliposhindwa, lakini pia walihukumu watu kwa tuhuma za uchawi bila mahakama. Ulibertari hauna jibu la kutosha kwa mambo hayo. Jibu bora la uraibu liko kwenye tiba, kama ile ya methadoni iliyoanza Muhimbili mwaka 2011.

Kwa hiyo Bunge halihitaji kuhalalisha kila kitu ili litende haki. Linapaswa kuwatofautisha mtumiaji na mbeba furushi dogo, kwa upande mmoja, na mfanyabiashara mkubwa, kwa upande mwingine, kumruhusu hakimu apime adhabu kwa kosa lililo mbele yake, kufungua njia ya leseni na ukaguzi kwa wapikaji wa gongo, na kumzuia kiongozi yeyote wa kisiasa kutaja majina ya watuhumiwa kabla ya uchunguzi. Wabunge wa Shinyanga na Geita, wanaojua mageuzi ya 2019 yalivyofanya kazi kwa wapiga kura wao, ndio wanaopaswa kuanza.