Daftari la Dada Yetu si Bid'a

Wapo wanaodai kuwa ni bid'a mwanamke wa Kiislamu kuihesabu nafsi yake kila usiku kwa kalamu na daftari. Twawauliza: Bibi Shifaa alimfundisha nini Bibi Hafsa (r.a.), naye Mtume (s.a.w.) akaridhia, kama si kuandika? Muhasaba umeamrishwa katika Suratul Hashr, aya ya 18. Daftari ni nyenzo tu, si ibada. Haramu iliyo wazi ni ya mume anayelifungua kwa siri, kwani upelelezi umekatazwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 12. Nawe dada, andika Swala uliyoichelewesha na neno lililokuponyoka. Ama dhambi aliyoisitiri Allah, usiiandike, itubie. Wallahu a'lam.