Kodi ya mwaka mzima: mzigo wa mpangaji, na pia ngao yake

Na Mwandishi Wetu

KILIO cha wapangaji wa Dar es Salaam kina sura mbili. Ya kwanza ni kulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, jambo ambalo mtu anayepokea mshahara kwa mwezi hulimudu kwa kukopa. Ya pili ni kodi kupandishwa ghafla, pengine kwa maneno machache tu mlangoni. Malalamiko haya mawili husemwa kwa pumzi moja, kana kwamba ni maradhi mamoja. Kwa sheria ilivyo, hata hivyo, la kwanza ndilo linalomkinga mpangaji dhidi ya la pili.

Haikuwa hivyo siku zote. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, kodi ilikuwa na kiwango kilichosimamiwa kisheria, na waliokosana walikwenda mbele ya Mabaraza ya Nyumba. Mpangaji alilindwa. Lakini wenye nyumba walilalamika kwamba kodi haikutosha hata kukarabati paa, na sheria hiyo ikaonekana kuwakatisha tamaa waliotaka kujenga nyumba za kupangisha. Mwaka 2005 ilifutwa.

Tangu hapo, upangaji wa nyumba za kuishi umeongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 pamoja na makubaliano ya pande mbili. Hakuna asilimia iliyowekwa kuwa kikomo cha nyongeza. Mwenye nyumba akitaka kuongeza kodi mara mbili zaidi mkataba unapokwisha, anaweza kulaumiwa na majirani, lakini si kwa kuvunja kikomo cha kisheria, kwa sababu kikomo hicho hakipo.

Swali la msingi basi si kodi inapandishwa kwa kiasi gani, bali inapandishwa lini. Tuchukue mfano wa mpangaji wa Sinza aliyekubaliana kulipa Sh200,000 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Mwezi wa tano mwenye nyumba anabisha hodi na kusema kodi sasa ni Sh250,000. Kama mkataba haukutaja nyongeza ya katikati, mpangaji hana wajibu wa kulipa ziada hiyo. Bei waliyokubaliana inamfunga mwenye nyumba kama inavyomfunga mpangaji, hadi mwaka uishe. Akikubali kwa woga, atakuwa ametoa Sh350,000 katika miezi saba iliyobaki, fedha ambazo hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai.

Sasa tumwangalie jirani yake anayelipa mwezi kwa mwezi bila muda maalumu. Sheria inauhesabu upangaji wake kuwa ni wa kipindi, na kipindi chenyewe ni mwezi. Kila upande unaweza kuuvunja kwa notisi isiyopungua kipindi hicho. Kwa lugha nyepesi, mwenye nyumba anaweza kumwambia kwamba upangaji wa sasa unakoma mwishoni mwa mwezi ujao, na akitaka kubaki aingie katika makubaliano mapya kwa kodi mpya. Siku thelathini hivi ndizo ulinzi wake wote.

Kwa mwenye nyumba, njia halali ziko wazi. Anaweza kusubiri muda uishe na kutoa taarifa mapema, au kuweka tangu mwanzo kifungu kinachoeleza kodi itaongezwa lini na kwa kiasi gani. Anaweza pia kujadiliana na mpangaji wakati wowote, mradi wakubaliane kwa hiari. Kukata maji, kung'oa mita ya umeme au kufunga kufuli ili mtu akubali nyongeza si mojawapo ya njia hizo, kwani sheria inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu katika muda wake. Mgogoro ukishindikana nyumbani, mahali pake ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa mpangaji, udhaifu mkubwa ni ushahidi. Upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo waweza kuwa wa mdomo na bado ukawa halali, lakini maneno ya mdomo ni magumu kuthibitisha. Mkataba ulioandikwa, ukasainiwa mbele ya mashahidi na kulipiwa ushuru wa stempu, pamoja na risiti za malipo, una thamani kuliko ahadi ya dalali ambaye keshachukua chake na kuondoka.

Mlango mmoja wa nyongeza ya kimyakimya umezibwa. Waliopanga kwa dola waliona kodi ikipanda kila shilingi iliposhuka, bila mkataba kuguswa. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutoza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni.

Hapa ndipo wanaotaka malipo ya mkupuo yapigwe marufuku wanapopaswa kutafakari. Nia yao ni njema. Lakini wengi hupata mkataba wa mwaka kwa sababu tu wamelipa kodi ya mwaka. Ikiwa marufuku hiyo itakuja peke yake, wapangaji wengi watajikuta wakilipa kwa mwezi na kulindwa kwa mwezi. Sheria itakayoruhusu malipo ya kila mwezi haina budi kutamka pia kwamba kodi isiongezwe zaidi ya mara moja kwa mwaka, na kwa notisi ya maandishi ya miezi kadhaa.

Hadi hapo, mzigo huo mzito ndio ngao pekee aliyonayo mpangaji. Asiutue kabla hajapewa nyingine.