Mchagua Jembe na Mchagua Kamera

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Siku hizi msemo huu umegeuzwa rungu. Kijana akitamka kwamba anataka kamera ya kujifunzia upigaji picha kwa dhati, barzani hakosekani mzee wa kumpiga nao: simu unayo, wataka nini tena? Akiondoka hapo akenda dukani, hukutana na rungu la pili, zito kuliko la kwanza: asiyenunua kamera kubwa kuliko zote zilizopangwa kabatini hatakuwa mpiga picha hata siku moja. Wa kwanza humdanganya kwa kumnyima, wa pili humdanganya kwa kumlimbikizia. Wote wawili wamekosea. Lakini kosa la wa pili ndilo linalouza mikufu ya akina mama, na kwa hiyo ndilo linalostahili kupingwa mwanzo.

Silaha ya muuzaji ni idadi ya pikseli. Huzitaja milioni 24, milioni 45, milioni 61, kwa sauti ya mtu atajaye mahari ya binti wa mfalme. Hesabu yenyewe haina uchawi. Picha ya kutundika ukutani yenye sentimita 20 kwa 30, ikichapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, yahitaji pikseli takriban milioni 8.4. Kamera za kawaida zilikwishavuka kiwango hicho katika miaka ya 2000. Kinachozidi hapo kina manufaa kwa mwenye kuchapa mabango, au kwa mwenye kukata kipande kidogo cha picha na kukikuza. Kwa mwanafunzi, ziada hiyo ni mafaili mazito yanayojaza kadi na kuilemea kompyuta ya kuazima. Kijana huyo amelipia upana wa karatasi kabla hajajua ataandika nini juu yake.

Sasa na urudiwe msemo wa wahenga. Ni kweli kwamba mvivu husingizia jembe. Lakini mkulima wa kweli hutazama udongo: jembe la ardhi ya mawe silo la bondeni. Basi swali la kwanza la mwenye kuchagua kamera si bei, wala si jina lililoandikwa juu ya mkanda. Ni hili: atapiga picha wapi, na kwa mwanga gani?

Udongo wa visiwa hivi ni mwanga mkali na kivuli kizito vilivyokaa bega kwa bega. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe jua hupiga ukuta wa chokaa juu, na chini mtu amekaa barazani gizani. Ndani ya nyumba, ukumbini kwenye taarabu, penye maulidi ya usiku, mwanga ni haba. Hapo kinachookoa picha ni lenzi, si wingi wa pikseli. Lenzi ya kuvuta inayouzwa pamoja na kamera nyingi za mwanzo, ikivutwa hadi mwisho, tundu lake hufunguka hadi kipimo cha 5.6 tu. Lenzi ndogo isiyovuta, ya milimita 50 au 35, hufunguka hadi 1.8, na kwa hesabu huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya ule. Mara nyingi lenzi hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote katika orodha ya kampuni, na pengine ndiyo sababu muuzaji huisahau.

Atapinga mtu aseme: lenzi isiyovuta ni kifungo. Naam, ni kifungo, na wapenzi wa ushairi wawe wa mwisho kukilalamikia. Mizani kumi na sita za mshororo wa tarbia nazo ni kifungo. Hakuna malenga aliyeambiwa na mwalimu wake aanze kwa kutupa vina ili awe huru. Hufungwa kwanza, akatafuta neno, akalikosa, akalitafuta tena, mpaka sikio likakomaa. Mwenye lenzi moja naye hulazimika kutembea. Akitaka uso, amsogelee mtu, amsalimie, aombe ruhusa. Mwenye lenzi ndefu husimama mbali akadokoa nyuso za watu kama kunguru adokoavyo samaki uchanikani. Yapo mengi katika adabu ya upigaji picha ambayo miguu hufundisha na pochi haiwezi.

Historia yenyewe ni shahidi. Karibu na mwaka 1930 Martin Munkácsi, mpiga picha kutoka Hungaria, alipiga picha ya wavulana watatu wakikimbilia maji. Picha hiyo ilimtikisa Mfaransa kijana aliyekuwa akijifunza uchoraji, Henri Cartier-Bresson. Akashika kamera ndogo ya Leica yenye lenzi ya milimita 50, na kwa sehemu kubwa ya umri wake wa kazi hakuhitaji zaidi ya kipimo hicho. Bamako, mwaka 1935, fundi seremala mdogo Seydou Keïta aliletewa na mjomba wake kamera ya Kodak Brownie kutoka Senegal. Mwaka 1948 alifungua studio, na leo nyuso alizozipiga hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Mohamed Amin naye, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia, alianza utotoni, Dar es Salaam, kwa kamera ya kisanduku. Hakuna kati yao aliyengoja kamera kubwa.

Wazee wa barzani watashangilia hapa na kusema: basi simu yatosha. La. Simu hupiga picha safi, na hilo halikanushwi. Lakini simu humwamulia mwenyewe. Huunganisha picha kadhaa kuwa moja, ikang'arisha kivuli, ikalainisha uso, yote kabla mpigaji hajajua kwamba alikosea. Mwanafunzi anahitaji kosa lililo lake. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, kipimo cha kamera hutaka kuvirudisha vyote kwenye kijivu cha wastani: ukuta husawijika na uso huzama gizani. Mwenye kamera ambayo tundu na kasi yake huzungushwa kwa mkono huliona kosa, akaongeza mwanga, akaupata uso. Ikumbukwe kwamba kwa miongo mingi kadi ambazo Kodak ilizitoa kwa ajili ya kusawazisha rangi zilikuwa na sura za wanawake wa Kizungu. Mashine haikuumbwa ikiwa haina upande. Anayeiachia iamue kila kitu huikubalia mazoea ya wenzake waliomsahau.

Basi kamera ya kwanza ya dhati iwe hii: ya mtumba, inayokubali kubadilishwa lenzi, yenye vipimo vya kuzungusha kwa mkono, yenye kuhifadhi faili ghafi. Kampuni kubwa zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na kwa hiyo zile za kioo za miaka ya 2010 zauzwa rahisi, na bado ni nzima. Mnunuzi aulize imefyatuliwa mara ngapi, kwani nyingi za daraja la mwanzo hukadiriwa kuhimili mara 100,000 hivi. Aiwashie lenzi kurunzi, atazame kama ndani mna nyuzi za kuvu, kwa kuwa unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye kioo. Apige picha ya mbingu tupu kwa tundu dogo, aone kama pana madoa. Akishanunua, kamera isilale katika mkoba wa ngozi. Ilale katika kisanduku kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Na aliye na lenzi moja haifungui kamera ufukweni, akaingiza mchanga na chumvi.

Anayepiga harusi kwa ujira atahitaji kamera mbili na taa. Anayewinda ndege msituni Jozani atahitaji lenzi ndefu. Lakini hao wameshajua wanakitafuta nini. Fedha zilizobaki baada ya lenzi moja zina kazi bora: kuchapa. Studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, yakumbukwa kwa sababu picha zake zilisafishwa, zikachapwa, zikawekwa. Picha isiyotoka kwenye diski hufa pamoja na diski.

Na jambo hili si mchezo wa vijana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka. Wageni walikuwa wamelipiga picha kwa miaka mingi, wote kutoka pembe ileile ya baharini, kisha wakaondoka nazo. Fundi aliyepanda ngazi zake, mlinzi aliyekaa mlangoni, mtoto aliyeegemea nguzo zake jioni, hao walihitaji kamera ya mwenyeji anayewajua kwa majina. Kuta nyingine zinanyonya mvua hivi sasa, na mafundi wanaojua kuchanganya chokaa wanazeeka. Kila mwezi ambao kijana anaupoteza akidunduliza kwa ajili ya pikseli milioni 61, ukuta mmoja zaidi unaondoka bila ya shahidi. Jembe lililo mkononi na mvua imeshanyesha, hilo ndilo jembe.