Nani Ameandika Nini? Haja ya Kanzidata ya Tasnifu za Kiswahili

Yapata miaka miwili iliyopita nilisimama mbele ya jopo la idara kutetea pendekezo langu la utafiti wa uzamili. Mada ilikuwa taswira ya mama katika tamthilia za Kiswahili zilizoandikwa nchini Kenya baada ya mwaka wa 1990. Nilikuwa nimelihangaikia pendekezo hilo kwa miezi saba. Nilipomaliza, mhadhiri mmoja mzee aliyealikwa kutoka chuo kingine alivua miwani yake, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ile tasnifu ya mwaka wa 2011 iliyoko kwenye maktaba yetu umeisoma?" Nikamjibu, "La, Mwalimu, sijaiona." Nilipokwenda kuisoma wiki iliyofuata, nilikuta mada ni ile ile, nadharia ni ile ile, na tamthilia tatu kati ya nne nilizoziteua zimekwisha kuhakikiwa humo, tena vizuri kuliko nilivyokusudia. Nililazimika kuanza upya. Karo ya mihula miwili ilikwenda na maji.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepekua kadi za maktaba, nimeuliza wasimamizi, na kuandika neno "mama" kwenye tarakilishi za maktaba mbili. Tasnifu niliyoitafuta ilikuwapo kwenye orodha ya maktaba yao muda wote huo, ila iliandikishwa chini ya neno la Kiingereza lenye maana ya jinsia. Neno "mama" halikuwamo popote katika rekodi yake. Ilikuwapo, na haikuwapo.

Kisa hiki kimenifanya nijiulize: je, ni tasnifu ngapi za Kiswahili katika vyuo vyetu zinazorudia yaliyokwisha kutafitiwa? Nimewauliza wahadhiri kadhaa. Mmoja aliniambia kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wavivu wa kusoma. Mwingine alilaumu uchache wa wasimamizi, na wa tatu akasema kwamba marudio ni machache mno hata hayastahili kujadiliwa. Kila mmoja alinena kwa yakini, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuthibitisha kauli yake. Sisi tunaowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza tofauti ya dhana na data, tunapojichunguza wenyewe twategemea dhana tupu.

Taasisi nyingine hujichunguza kwa kutumia kanzidata. Wapo wanaoiita hifadhidata, na wengine hazinadata. Mimi nimelichagua neno kanzidata kwa kuwa kanzi ni hazina, ingawa nakiri kwamba hazina yaweza kuzikwa ardhini isimfae mtu, na pengine ndivyo tulivyoifanya yetu. Liitwavyo vyovyote, kitu chenyewe si rundo la habari. Daftari la madeni la mwenye duka lililoandikwa siku baada ya siku lina habari zote, lakini akitaka kujua ni nani anayemdai zaidi, au ni mwezi gani wateja hushindwa kulipa, itambidi alifunue jani baada ya jani. Habari zile zile zikipangwa katika safu za jina, tarehe, bidhaa na kiasi, swali lake hujibiwa kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, ataweza kuuliza maswali ambayo hakuyawazia alipokuwa akiandika.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Fujo zilipozuka nchini mwetu baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na uvumi ukaenea kuliko habari. Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake walianzisha mfumo walioupa jina la Kiswahili, Ushahidi. Wananchi walituma taarifa kwa rununu na kwa mtandao, na kila taarifa ikapewa mahali, wakati na aina ya tukio, kisha ikawekwa kwenye ramani. Ujumbe mmoja kuhusu nyumba iliyochomwa ni kilio. Jumbe nyingi zenye mahali na tarehe huonyesha mahali ambapo moto umeanzia na unakoelekea. Mfumo huo ulitumika baadaye ng'ambo, hasa Haiti baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kujivunia jina lake. Ni vyema tujifunze pia utaratibu wake.

Hata hivyo, wapo wenzetu wanaoipokea tarakilishi kama mtu apokeavyo wahyi. Kwa ajili yao nataja kisa cha Shirika la Posta la Uingereza. Mwaka wa 1999 shirika hilo lilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu, katika matawi yake. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuwa zimepotea. Badala ya kuuchunguza mfumo, shirika liliwachunguza wasimamizi wa matawi, na hadi kufikia mwaka wa 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wameshtakiwa kwa kuutegemea. Baadhi yao walifungwa, wengine walifilisika. Mahakama Kuu iliamua Desemba 2019 kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka wa 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Katika kesi hiyo kuna jambo ambalo watu hawalizungumzii sana, nalo ndilo lililonivutia. Fujitsu ilikuwa na kanzidata nyingine ya ndani, ambamo mafundi wake waliandika kasoro za Horizon kila walipozigundua. Ilipotolewa mahakamani, ilisaidia kuwatetea walioshtaki. Kanzidata moja iliwatia watu hatiani. Nyingine, iliyokuwa imefichwa kwenye jengo, ikasaidia kuwaokoa. Kwa hiyo atakayetunza orodha ya tasnifu zetu sharti atunze pia, mahali pa wazi, orodha ya makosa yake.

Sasa nirudi nyumbani. Mtu ataniambia kwamba vyuo vyetu vingi vimekwisha kuweka tasnifu zao kwenye mtandao. Ni kweli, na wakutubi wanastahili shukrani. Lakini kila chuo kimejenga ghala lake kivyake, na aghalabu maneno ya kutafutia ni ya Kiingereza hata pale ambapo tasnifu nzima imeandikwa kwa Kiswahili. Na tukiyageuza yawe ya Kiswahili, tutakumbana na mizengwe ya istilahi zetu wenyewe. Mtu mmoja huandika isimujamii, wa pili akatia kistari akaandika isimu-jamii, wa tatu akashikilia sosholinguistiki. Msomaji hujua kwamba ni taaluma moja. Mashine huona vitu vitatu, na anayetafuta kimoja hapewi viwili vilivyosalia. Kwa miaka mingi tumegombana kuhusu istilahi kana kwamba ni suala la ladha. Hapa zimekuwa funguo, na kila mtu amejichongea wake.

Umbo la lugha yetu nalo huleta shida yake. Anayetafuta "soma" hatapata "walisomeshwa" mpaka mashine ifundishwe kuvua viambishi. Kazi hiyo ilifanywa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambako Arvi Hurskainen na wenzake walijenga kongoo ya Kiswahili ambayo kila neno lake limeambatishwa mzizi na uchanganuzi wake. Toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25. Napongeza, na wakati huo huo naona haya: swali kuhusu matumizi ya kitenzi cha Kiswahili laweza kujibiwa Finland kwa dakika chache, ilhali swali la nani ametafiti kitenzi hicho hapa Kenya halina wa kulijibu.

Ninachopendekeza si kitu kikubwa. Chama chetu kina matawi katika vyuo vingi, na kila tawi lina wanafunzi wanaoweza kwenda maktabani wakati wa likizo ndefu. Kila tasnifu iandikiwe jina la mtafiti, mwaka, chuo, kiwango na lugha iliyotumika. Kwa upande wa fasihi, naongeza safu ambayo sijaiona kwenye orodha ya maktaba yoyote niliyoitumia: vitabu vilivyohakikiwa. Safu hiyo moja ingetuwezesha kuuliza mambo mengi. Ni riwaya zipi tumezirudia hadi zimechakaa, na zipi hazijawahi kuguswa? Je, tunahakiki kazi kwa ubora wake au kwa kuwa imeteuliwa kutahiniwa katika shule za upili? Washairi wa kike wa pwani wamechunguzwa na nani, lini? Nadharia tunazitumia kwa sababu zinafaa, au kwa sababu zilimfaa msimamizi alipokuwa mwanafunzi? (Swali hili la mwisho naliuliza kwa heshima zote.) Haya ni matatizo ya taaluma yetu, na leo kila mmoja ana jibu lake mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba orodha kama hiyo itawarahisishia kazi wezi wa maandishi. Mwizi hupenda kazi isiyojulikana. Ni vigumu kuiba ng'ombe ambaye kila mtu anamjua kwa rangi na chapa. Kuhusu gharama, programu ya kawaida ya majedwali yatosha kuanzia. Linalohitajika kwa dhati ni wahadhiri wa vyuo mbalimbali kukaa meza moja na kukubaliana juu ya orodha ya istilahi zitakazotumika kwenye safu ya mada, pamoja na visawe vyake, ili anayeandika sosholinguistiki asikose kazi ya mwenye isimujamii. Hapo ndipo nina wasiwasi, maana nimehudhuria makongamano yetu.

Mimi nimekwisha kuanza na rafu moja ya maktaba yetu, na jedwali langu li wazi kwa yeyote atakayelihitaji. Katika safu ya nadharia nimekwama. Mtafiti mmoja ameandika kwamba anatumia Umaksi, wa pili nadharia ya Ki-Marx, na wa tatu uhalisia wa kijamaa, ilhali ukisoma sura zao za uchanganuzi huoni tofauti. Anayeweza kuniambia iwapo niandike kitu kimoja, viwili au vitatu, namwomba aje na hoja zake kwenye mkutano ujao wa chama.