Mmekubaliana Nini?



Ndugu wazazi na wanafunzi, mwaka jana vijana wawili wa msikiti wetu hapa Uganda walipeana mikono mbele yangu baada ya Swala ya Alasiri. Mmoja alikuwa na pikipiki, mwenzake alitaka kuifanyia bodaboda. "Ustadhi, shuhudia, tumekubaliana. Elfu sabini kila wiki." Nikawaombea dua. Sikuuliza wamekubaliana nini, na hilo ni kosa langu.

Baada ya miezi minane mwendeshaji alikuwa amelipa zaidi ya milioni mbili. Yeye alijua ananunua kidogo kidogo. Mwenye pikipiki alijua anapokea kodi. Wakaja kwangu, shahidi wao, nami sikuwa na la kusema. Na sidhani kama kuna aliyesema uongo.

Chuoni tunawakaririsha watoto nguzo: wenye kufunga mkataba, kitu na thamani yake, kisha tamko, yaani ijabu na kabuli. Wanazijua kwa moyo. Lakini kabuli lazima ijibu ijabu ile ile. Huyu alitoa ijara, yule akapokea mauzo. Maneno yalikutana, makusudio hayakukutana.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 haiko mbali na hapo. Inataka hiari, watu wenye uwezo kisheria, malipo halali, lengo halali na nia ya kufungwa na mkataba. Thamani ikizidi shilingi 500,000, inataka maandishi. Na hiyo hiari tusiipite haraka. Wapo wanaouza kiwanja kwa kumwonea haya mzee aliyekitaka, kisha wananung'unika maisha yao yote. Je, huko ndiko kuridhiana kunakotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29?

Wengine husema kuandikiana na Muislamu mwenzako ni kumshuku. Mimi sikubali. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamrisha kuandika deni la muda, dogo au kubwa, na waliosikia amri hiyo mwanzo ni Masahaba. Nani atasema wao walishukiana? Ni kweli wanavyuoni wengi wameona kuandika ni jambo linalopendekezwa, si nguzo, na mkataba wa mdomo unasihi. Lakini mwanafunzi asiifanye hukumu hiyo kuwa udhuru wa uvivu. Karatasi moja ya daftari ingetosha: ni kodi au mauzo, jumla ni kiasi gani, kadi inahama lini, na ikiibwa hasara ni ya nani.

Pikipiki sasa imefungwa kufuli uani kwa mzee mmoja, matairi yameisha upepo. Vijana wale bado wanaswali pale pale, mmoja safu ya mbele, mwingine nyuma kabisa karibu na mlango. Wiki ijayo wazee wanakaa kuwasikiliza, nami nimeitwa kutoa ushahidi.